Kucha Moja Ndani ya Eda

Kucha ilikuwa moja. Naanza na hilo kwa sababu habari iliyofika Dar es Salaam ilikuwa ya kucha kumi, za mikono yote miwili, zenye maua na vumbi la kumeremeta, na mwenye kujipamba ni mjane ambaye mumewe hajatimiza hata miezi minne kaburini. Nimeisikia habari hiyo kwenye shughuli tatu tofauti. Mara moja aliyekuwa anasimulia hakujua kwamba mjane mwenyewe ndiye aliyekaa naye jamvi moja, anachambua naye mchele. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Ilikuwa moja. Ya dole gumba, mkono wa kushoto. Na ni mimi." Akarudi kwenye mchele wake, lakini najua aliendelea baadaye, nilipoondoka.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la saba, na haya nayaandika kama nilivyoyaona.

Mume wangu alikuwa akinunua nguo kule Uchina, mtaa wa Guangyuan Xilu, kwa niaba ya wenye maduka wa nyumbani. Wao wanatuma maelezo na picha, yeye anazunguka kwenye majengo ya nguo tangu yanapofunguliwa, anapapasa kitambaa, anabishana bei, anafunga marobota. Mimi nilikuja kumsaidia kuhesabu na kufunga. Tulipanga chumba katika nyumba ya ghorofa ya saba yenye vyumba vitatu, sebule ndogo na jiko la kupishana. Mwenye mkataba wa nyumba alikuwa mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa vitambaa vya mapazia, mtu mzima, tuliyemwita Bi Mkubwa. Chumba kingine walikaa vijana wawili wa Dar waliokuwa wakinunua simu na vifaa vya umeme. Hao walimwita mume wangu kaka, na mimi shemeji.

Mume wangu alianguka asubuhi akipiga mswaki. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Alizikwa huko huko, makaburi ya Waislamu, na wanaume wa Kiafrika na Wachina Waislamu wakachanganyika kumbeba. Mimi nilibaki nyumbani, kama inavyotakiwa, na eda yangu ikaanza.

Kwa asiyejua, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hujipambi, hujitii manukato, hutoki bila dharura, na unakaa katika nyumba ile uliyokuwa ukikaa na mumeo. Hili la nyumba ndilo lililonifanya nisipande ndege. Kaka wa marehemu alinipigia simu mara mbili akisema, "Njoo ukae eda kwetu." Nikamjibu kuwa ndugu yake alikuwa akiishi hapa, koti lake liko nyuma ya mlango, na robota lake la mwisho la suruali limeegemea ukuta. Na nikiri jambo la pili: sikutaka kulia mbele ya watu. Nyumbani wangenishika mabega na kunililia kwa sauti, nami kulia kwa sauti sijui. Mimi nikilia hata aliye kitanda cha pili hasikii.

Viza yangu ilikuwa imegongwa pamoja na yake. Tangu siku aliyofariki ilikuwa imebaki miezi mitatu na kidogo. Hesabu hiyo haihitaji shule. Nilijua itakwisha eda haijaisha. Rafiki mmoja wa marehemu aliichukua pasi yangu kwa wakala wa viza, ikarudi vilevile. Wakala alisema mwaka ule hawaongezi, wanaminya. Nikaamua kukaa. Sikudanganywa na mtu wala sikusahau tarehe. Niliamua.

Kisha msako ukakaza. Polisi walisimama kwenye milango ya majengo ya nguo, kwenye vituo vya treni za chini, kwenye kona tunaponunulia mikate. "Huzhao!" wanasema, yaani pasi, mkono umeshanyooshwa. Ambaye viza yake imekwisha anapandishwa gari. Watu wakaacha kutoka. Vijana wetu wa chumba cha tatu, ambao viza zao zilikwisha zamani kuliko yangu, wakawa wanashinda ndani na pazia limefungwa, wanapika wali na kucheza karata. Siku moja nimekaa na mtandio wangu, mmoja akapita akisema:

"Shemeji, na sisi tuko eda."

"Eda ya nani?"

"Tumefiwa na viza."

Mwenzake akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikainuka nikaenda chumbani. Ilinichoma, nasema kweli. Mimi nilikuwa na mtu niliyekuwa namkalia ndani, wao walikuwa na polisi wanaowakimbia, na maneno wakayafanya mamoja.

Chumbani sikuwa peke yangu. Baada ya mazishi alihamia kwangu dada mmoja wa Mombasa, mdogo wangu kwa miaka kumi, ili nisilale pweke. Yeye viza yake ilikuwa safi. Alikuwa akinunua mapambo madogo madogo kule mtaa wa Yide Lu na kusafirisha kwao, na msimu ule alikuwa amekamatia stika za kucha. Zilikuwa ngeni wakati huo. Ni vipande vyembamba vya rangi, vimekatwa umbo la kucha, upande mmoja vina gundi. Vinakuja kwenye karatasi ndefu, kumi na mbili au kumi na sita, toka cha dole gumba hadi cha kidole cha mwisho. Hakuna kupaka, hakuna kungoja kukauka, hakuna harufu ile ya rangi inayoumiza kichwa.

Wanawake walikuwa wakiogopa kwenda saluni kwa sababu ya msako, basi wakawa wanaletana nyumbani kwetu. Yule dada alikuwa na mdomo mzuri wa biashara lakini mkono wake ulikuwa na haraka. Stika ukiibandika kwa haraka inakunja, inafanya mfereji katikati, na ikifanya mfereji siku ya pili imeng'oka. Aliniona namtazama.

"Dadangu, mbona waniangalia hivyo? Nakosea?"

"Unaanzia nchani. Anzia kwenye nyama."

"Haya, nionyeshe."

Nyumbani kabla ya kuolewa nilikuwa nikiwachora maharusi maua ya piko mikononi. Mkono wangu unatulia. Nikamwonyesha. Kwanza unaosha kucha kwa sabuni, uondoe mafuta yote, kwa kuwa gundi na mafuta ni maadui. Unasukuma ile ngozi ya shina kwa kijiti, taratibu. Unapima stika juu ya kucha kabla ya kubandua karatasi, na ukikosa saizi unachukua kubwa na kuipunguza kwa mkasi, usichukue ndogo, kwa sababu ndogo inaacha kingo na kila mtu anaona umebandika. Unaweka shinani, unaachia nafasi ya unywele mmoja toka kwenye ngozi, unashusha kwa ncha ya kidole kuelekea mbele huku unavuta kidogo. Ikifanya mkunjo unainua, hulazimishi. Iliyozidi unaikunjia chini ya kucha, unaikata kwa tupa kwa kusugua upande mmoja tu, kwenda chini. Mwisho unapuliza moto wa draya ya nywele, unakandamiza kingo moja moja.

Waislamu waliokuja walikuwa na mpango wao. Stika inazuia maji yasifike kwenye kucha, udhu haupiti, basi walikuja siku ile wanapoacha kusali kwa ajili ya ada yao. Stika inakaa kama wiki, nao wanaibandua siku ya kuoga. Mmoja aliniambia, "Mchina kaipima vizuri, utadhani alituuliza." Nilitabasamu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu ya miezi ile: nakaa sebuleni, kitambaa kimefunika nywele, mikono ya wenzangu juu ya taulo mapajani mwangu. Nawapamba wao. Mimi kucha zangu nilikuwa nikizikata fupi kila Ijumaa na kuziacha tupu.

Bi Mkubwa alikuwa akiyaona yote hayo. Alikuwa akipita na birika lake la chai, anatia neno, "Hiyo ya dhahabu nzuri, mwanangu, mtie huyo." Wateja wawili aliwaleta yeye mwenyewe kutoka sokoni. Hakuna siku alisema mjane haramu kushika pambo. Sikumbuki hata akikunja uso.

Viza yangu ikaisha. Nilimwambia siku ile ile, sikumficha, kwa sababu nyumba ni yake. Alisema, "Mungu atatusitiri." Lakini tangu hapo akaacha kukaa nami chai ya alasiri.

Sasa nije kwenye kucha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Asubuhi alikuja mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na harusi ya ndugu yake. Alitaka stika nyekundu yenye uzi wa dhahabu, lakini hakuiamini. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya mkono mweupe.

"Hii ni ya ngozi yao," akasema. "Mimi nitajuaje itakaaje kwangu? Nataka niione kwenye mkono kama huu." Akaniwekea mkono wake karibu na wangu.

Yule dada wa Mombasa kucha zake alikuwa amezitafuna zote, hazifai kuonyeshea. Nikachukua stika moja, nikaibandika kwenye dole gumba langu la kushoto, kwa kazi, ili mteja aone. Mteja akaona, akapenda, nikaanza mkono wake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema ilikuwa kazi tu. Ila si kweli yote. Nilikaa nayo. Nilipokuwa napima vidole vyake nilikuwa nakiangalia changu pembeni. Kilikuwa kizuri. Kwa muda wa kama kucha nne nilikuwa mwanamke mwenye dole gumba jekundu, na sikumfikiria marehemu. Niliweka nia ya kuitoa kabla ya adhuhuri, maana nisingeweza kutawadha nayo. Nia niliiweka. Lakini nilichelewesha kwa hiari yangu.

Simu ikaita. Ilikuwa rafiki wa wale vijana: polisi wameingia jengo la pili, wanapanda ghorofa kwa ghorofa na mwenye nyumba. Tulizima draya. Vijana wakafunga mlango wao kwa ndani. Mama wa Kikongo alibaki kwenye kiti na mkono mmoja umekamilika na mwingine mtupu, anasali kwa Kilingala kwa kunong'ona. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Tulisikia lifti ikipanda na kushuka. Hakuna aliyegonga kwetu.

Aliyefungua mlango mwishowe kwa ufunguo alikuwa Bi Mkubwa, akitokea nje. Alikuwa amewapita polisi mlangoni pa jengo, wakamkagua pasi, wakamwachia. Alijaribu kuchomoa ufunguo mlangoni, ukamdondoka. Nikainama nimwokotee, nao mkono wa kushoto ndio ulionyooka.

"Na hii nini?"

"Nilikuwa namwonyesha mteja."

"Eda, na kucha nyekundu?"

"Naitoa sasa hivi, Bi Mkubwa."

Niliitoa mbele yake, kwa maji ya moto. Nikatawadha nikasali. Nilidhani yameisha.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri akaita kikao sebuleni. Sisi wote, na vijana wawili, na rafiki yule wa marehemu aliyewahi kunipelekea pasi kwa wakala. Mtu amebakisha siku kumi na nane tu za eda, yuko nchi ya watu, anakalishwa kikao kama mwizi wa kuku. Bi Mkubwa alianza kwa dua. Kisha akasema mbele ya Mungu hawezi kuficha aliloliona, kwamba mimi nimejipamba ndani ya eda, na kwamba eda yangu imevunjika.

"Na eda ikishavunjika," akasema, "hakuna tena la kumfunga mtu katika nyumba hii. Mwanangu, ni heri uende nyumbani. Ijumaa isikukute hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba naishi pale kwa sababu ya eda. Eda ndiyo ilikuwa kufuli langu. Bi Mkubwa alikuwa amepata ufunguo, nao ni ukubwa wa dole gumba.

Yule dada wa Mombasa akaruka. "Bi Mkubwa, ile stika nalimtia mimi! Yeye hakutaka. Nalimshika mkono."

Alinionea huruma, Mungu amlipe. Lakini nisingeweza kuanza kudanganya hapo.

"Hapana," nikasema. "Niliibandika mwenyewe. Na nilikaa nayo zaidi ya ilivyohitaji kazi. Kama ni kosa namwomba Mungu anisamehe, nitafunga siku tatu. Lakini Bi Mkubwa, hunifukuzi kwa ajili ya kucha. Unaogopa polisi. Viza yangu imekwisha, wakinikuta watakushika na wewe mwenye mkataba. Sema unaogopa. Mimi pia naogopa. Ukisema hivyo nitafunga begi leo, sitangoja Ijumaa."

"Mimi simwogopi kiumbe. Mimi namwogopa Mungu."

"Na hawa shemeji zangu? Viza zao zimekwisha kabla ya yangu. Mbona hawaitiwi kikao?"

"Wanaume wana shughuli zao."

Vijana waliangalia zulia. Rafiki wa marehemu akakohoa, akasema jambo la dini linaachiwa wajuzi. Nikamuuliza kama yeye ni mjuzi. Akasema la. Nikamuuliza basi mbona kaja.

Sikumpigia Bi Mkubwa kelele. Nasikitika sikumpigia. Niliingia chumbani nikakaa kwenye robota la mume wangu, nimeuma meno mpaka taya likauma. Polisi sikuwachukia hivyo. Polisi walikuwa wakisema wanalotaka: pasi. Huyu alikuwa amenichukulia maiti yangu, akaifanya fimbo ya kunitolea nje.

Asubuhi yake nilivaa, nikamwambia yule dada anisindikize. Dharura inaruhusu kutoka. Tulikwenda ofisi ya wageni, nikaweka pasi yangu mezani mwenyewe kabla ya kuulizwa. Afisa alikuwa mwanamke wa umri wangu. Dada alikuwa anajua Kichina cha sokoni, cha bei na rangi na saizi, si cha misiba. Alijaribu kueleza kwa nini sikuondoka, akatafuta neno, hakulipata. Mwishowe akasema kwa maneno tunayotumia madukani mzigo ukiisha: "Mume, meiyou." Mume, hakuna. Afisa akaniangalia, akaangalia kitambaa changu, akaandika kwa muda mrefu. Nilitozwa faini, nikapewa karatasi yenye muhuri: siku kumi niwe nimeondoka. Eda yangu ilikuwa imebakisha kumi na saba.

Nilirudi nikaiweka ile karatasi juu ya meza ya sebuleni. Bi Mkubwa alivaa miwani, akaigeuza, akatazama muhuri. Kwa siku kumi nilikuwa halali kuliko mtu yeyote mle ndani isipokuwa yeye na yule dada.

Jioni ile akaniletea uji wa pilipili manga. Kesho yake akawazuia vijana kupiga muziki, akisema, "Punguzeni, mna mjane humu, yuko eda." Nilimsikia kwa masikio yangu, nipo jikoni na sufuria mkononi. Yuko eda! Ile iliyovunjika juzi mbele ya Mungu, karatasi ya Mchina ilikuwa imeiunga. Wageni wakija aliwanong'oneza waingie taratibu. Ijumaa ikapita, hakuna aliyenitajia kuondoka. Nilitaka kumwambia, nikameza, kwa kuwa zile siku kumi nilizitaka ziwe za mume wangu, zisiwe za ugomvi. Sikushika stika tena. Wateja wa yule dada niliwaelekeza kwa mdomo tu, nimekunja mikono.

Siku ya kuondoka, kijana mmoja kati ya wale wawili alinibebea begi mpaka kwenye lifti. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Alisimama akashika mlango wa lifti usifunge.

"Shemeji, siku ile kwenye kikao ningesema kitu. Niliogopa atanigeukia mimi."

"Najua," nikamwambia. "Nimekusamehe." Na nilimsamehe pale pale, bila kazi yoyote. Moyo ulifunguka wenyewe.

Bi Mkubwa alikuja nyuma na mkate wa kumimina kwenye mfuko, wa kula njiani. Akanikumbatia, akasema maneno ambayo sote tunayasema tukiachana: "Tuwiane radhi, mwanangu. Binadamu hatukosi."

"Kwa mkate na uji, nakushukuru," nikasema. "Kwa uliyonisitiri siku za msiba, Mungu akulipe. Kwa kile kikao sina radhi ya kukupa. Niambie uliogopa, nitakupa sasa hivi."

Alinitazama. Mdomo ulicheza kidogo, nami nilingoja, lifti ikilia kwa sababu mlango umeshikwa. Kisha akasema, "Safari njema," akarudi ndani.

Siku saba zilizobaki nilizikaa Temeke, kwa kaka wa marehemu, katika chumba ambacho mume wangu hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Nilizihesabu zote. Habari ya kucha kumi ilikuwa imeshatangulia, na waliokuja kunipa pole waliniangalia mikono kabla ya uso.

Miaka imepita. Bi Mkubwa amenitumia salamu mara kadhaa kwa watu wanaokwenda na kurudi, na kila salamu inakuja na lile ombi la radhi. Wanaonizunguka wananisihi nitoe, ni neno tu, mtu mzima asije akafa nalo. Najibu kwamba kwangu si neno tu. Nikimtumia radhi ambayo moyo wangu haujaitoa nitakuwa nimefanya kama yeye, nimevaa dini juu ya jambo jingine. Namngoja aseme lile moja. Namba yangu anayo.